Mtumwa Anajua Nini? Namna ya Kulinganisha Peponi na 12 Years a Slave

Ukipewa riwaya moja na filamu moja, zote za utumwa, ukaambiwa uzilinganishe, maswali matatu yatakujia mbio kabla hujafungua daftari: ipi inasikitisha zaidi, ipi ina ukweli zaidi, na ipi ni nzuri zaidi. Yaache yote matatu yasubiri. La kwanza linageuza mateso ya watu kuwa mashindano. La pili linaichukua kazi ya sanaa kama hati ya mahakama. La tatu halijibiki mpaka ujue kila kazi ilikuwa inajaribu kufanya nini. Mimi nakushauri uanze na swali jingine: mtumwa aliye katikati ya hadithi anajua nini kuhusu hali yake, na wewe msomaji au mtazamaji unalijua hilo lini, kabla yake, pamoja naye, au baada yake? Ni swali dogo, lakini likishikwa vizuri ndilo linaloeleza kwa nini kamera imewekwa pale ilipowekwa, kwa nini msimulizi ananyamaza pale anaponyamaza, na kwa nini hadithi moja inaishia kwa mtu kurudi nyumbani na nyingine kwa mtu kukimbia.

Nitakuonyesha kwa kutumia Peponi ya Abdulrazak Gurnah na 12 Years a Slave ya mwongozaji Steve McQueen. Riwaya ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1994 ikiitwa Paradise, ikafika kwenye orodha fupi ya tuzo ya Booker, na baada ya mwandishi kupewa Nobel mwaka 2021 ikatafsiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis na kuchapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Inamhusu Yusuf, mtoto wa miaka 12 anayetolewa na baba yake kwa mfanyabiashara wa pwani ili kufidia deni, miaka michache kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani wakiwa tayari wanaitawala nchi. Filamu ilitoka mwaka 2013, ikapata Oscar ya filamu bora mwaka uliofuata, na Lupita Nyong'o, Mkenya, akapata ya mwigizaji msaidizi kwa nafasi ya Patsey. Imetokana na kitabu cha Solomon Northup cha mwaka 1853, ambamo mpiga fidla huyo kutoka Saratoga Springs, New York, mtu huru mwenye mke na watoto, anaeleza jinsi alivyotekwa mwaka 1841 na kuuzwa kusini, Louisiana. Nimeichagua jozi hii kwa sababu haifanani kijuujuu. Jozi zinazofanana sana humvuta mwandishi kuorodhesha: hapa kuna mjeledi na pale kuna mjeledi, hapa mama anatenganishwa na mwanawe na pale vilevile. Orodha ya namna hiyo inaweza kujaza kurasa tano bila kusema neno.

Anza na riwaya, kisha filamu, wala usigeuze. Sababu ni kwamba picha ina nguvu ya kutawala macho ya msomaji. Ukishamwona Patsey akichapwa, utaisoma Peponi ukisubiri mjeledi, na kwa kuwa mfanyabiashara Aziz hamchapi Yusuf, utafikia hukumu ya haraka kwamba hapa utumwa haupo, au upo kwa upole. Unaposoma, weka alama kila mahali ambapo mtu fulani anamweleza Yusuf hali yake, au anapokwepa kumweleza. Utashangaa ni mara ngapi maelezo hayo yanakuja kwa mzaha, kwa kejeli, au yanakatishwa katikati. Filamu itazame mara moja bila kusimamisha, dakika zake zote 134, kisha urudie maonyesho matatu tu: Solomon anapoamka akiwa na minyororo, anaponing'inizwa mtini, na Patsey anaporudi na kipande cha sabuni. Onyesho la mtini lirudie tena sauti ikiwa imezimwa. Kama wewe ni mwalimu, jua kwamba filamu ina vipigo, utupu na ubakaji. Itazame peke yako kwanza kabla ya kuamua utawaonyesha wanafunzi wa umri gani.

Sasa weka mlango wa utumwa wa huyu kando ya mlango wa yule. Solomon anadanganywa na wanaume wawili kwamba wanamtafutia kazi ya kupiga fidla, wanakula na kunywa naye mjini Washington, na anapofumbua macho yuko chumba cha giza, mikono na miguu imefungwa. Anasema yeye ni mtu huru. Jibu ni kipigo. Baadaye anapiga kelele kupitia dirisha la nondo, na kamera inapanda juu taratibu mpaka tunaona jengo la Bunge la Marekani likisimama nyuma ya gereza hilo la watumwa. Tangu afumbue macho pale, hakuna dakika hata moja ambayo Solomon hajui kilichompata, na hakuna dakika ambayo mtazamaji amemtangulia au amebaki nyuma yake. Yusuf kwa upande wake anaingia utumwani mchana, mbele ya wazazi wake. Anamzoea Aziz kama mjomba, mgeni anayenukia manukato na ngozi, ambaye kila akimaliza ziara yake katika mji mdogo wa Kawa humwachia mtoto sarafu. Siku hiyo Yusuf anaingojea sarafu. Badala yake anaambiwa atasafiri na mjomba, na anapanda treni akiwa na furaha na wasiwasi wa mtoto yeyote aendaye safari. Msomaji makini anaukisia ukweli kutokana na ukimya wa wazazi. Mtoto anabaki bila kuujua mpaka afike dukani pwani, ambako Khalil, kijana aliyemtangulia katika hali ileile, anamfahamisha kwamba yule si mjomba wake, kwamba amuite Seyyid, na kwamba yuko pale kwa sababu baba yake anadaiwa.

Tofauti hiyo ya mlangoni ndiyo inayotawala kila kinachofuata. Utumwa wa Solomon ni wizi, na kinachoibiwa kina jina na ushahidi: kuna karatasi za uhuru, kuna nyumba, kuna watu wa Saratoga wanaoweza kumtambua. Ana bei pia, inayotamkwa waziwazi: muuzaji Freeman anamtaja kwa dola 1,000 na Eliza, mtumwa mwenzake, kwa 700. Kwa hiyo hadithi nzima ya filamu inaendeshwa na haja moja, kupata kalamu, karatasi na mtu wa kuaminika wa kupeleka barua. Yusuf hana karatasi ya kuonyesha kwa mtu yeyote. Hakuna soko alikonunuliwa wala hakimu wa kumwendea, na waliomtoa ni watu anaowapenda. Biashara ya misafara iliendeshwa kwa mikopo, kutoka kwa wenye fedha hadi kwa mfanyabiashara, kutoka kwa mfanyabiashara hadi kwa mwenye duka au hoteli ndogo bara, na pale chini kabisa, deni liliposhindikana, kilichobaki cha kuweka rehani kilikuwa mtoto. Hayo hayaelezwi na Gurnah kwa hotuba. Yanajitokeza katika adabu: katika kubusu mkono wa Seyyid, katika kukaa barazani, katika kujua ni mlango gani wa bustani unaruhusiwa kuupita na ni upi hapana.

Hapa ndipo ulinganishe vyombo vyenyewe, yaani kile ambacho kamera inaweza na kile ambacho maneno yanaweza. Lichukue lile onyesho la mtini. Seremala Tibeats na wenzake wanamtundika Solomon; msimamizi Chapin anawafukuza, lakini hamshushi, kwa kuwa Ford, bwana aliyemnunua Solomon, ndiye mwenye rehani juu yake, na uamuzi anamwachia yeye. Solomon anabaki kitanzi kikiwa shingoni, ncha za vidole vya miguu zikitafuta ardhi ndani ya matope. Kamera inakaa mbali na haitikisiki. Nyuma yake milango ya vibanda inafunguka, watu wanatoka na kuendelea na kazi, mwanamke mmoja anakuja haraka kumnywesha maji na kuondoka, watoto wanacheza kwenye nyasi. Dakika zinakwenda. Ukizima sauti utaona kwamba jambo lenyewe si kamba, bali wale watu walio nyuma, wanaojua kwamba wakimgusa wao ndio watakaofuata. Riwaya haiwezi kufanya hivi. Sentensi haziwezi kuweka mtu anayekufa na mtoto anayecheza mbele ya jicho kwa wakati uleule, lazima moja itangulie. Mahali ambapo filamu inashinda bila mjadala ni hapa, katika kumlazimisha mtazamaji akae na muda.

Lakini angalia na kile ambacho kamera haikifikii. Katika Peponi yuko Mzee Hamdani, mtunza bustani, mtumwa wa zamani aliyekataa uhuru alipopewa kama zawadi, kwa hoja kwamba aliyempa hakuwa na kitu hicho mkononi mwake cha kumpa mtu. Ukikitia kisa hiki kwenye filamu utapata mzee anayemwagilia miti kimya kimya, na mtazamaji atadhani ameridhika. Katika riwaya tunafika pale kupitia mawazo ya Yusuf, ambaye kwanza anamwonea huruma, halafu anamkasirikia, halafu anaogopa kwamba anaona umri wake mwenyewe unakoelekea. Khalil ni mgumu zaidi: dada yake Amina alipoolewa na Aziz hesabu ya deni ilikwisha, njia ilikuwa wazi, na bado amebaki dukani. Utumwa wa namna hii hauna minyororo ya kupigwa picha. Unakaa katika aibu, katika shukrani, katika kutojua pa kwenda, na nathari inayoingia ndani ya kichwa cha mtu ndiyo inayoufikia. Uandishi wako ukifika hapa, nukuu hali halisi ya tukio, usiseme tu kwamba riwaya ina undani wa kisaikolojia. Kila mtu husema hivyo, na haisaidii.

Msomaji wako atakupinga kwa mambo mawili, na ni afadhali uyajibu kabla hajayatamka. La kwanza ni kwamba filamu ni kisa cha kweli na riwaya ni ya kubuni, hivyo mizani haiko sawa. Jibu ni kwenda kwenye kitabu cha Northup mwenyewe. Kwenye filamu, baharia anamchoma kisu na kumuua mateka aitwaye Robert melini. Kwenye kitabu Robert anakufa kwa ndui. Kwenye filamu, Patsey anamwomba Solomon amuue ili apumzike. Kwenye kitabu ni mke wa bwana wao Epps anayejaribu kumhonga Northup amuue Patsey kwa siri. Kwenye filamu anayekuja kumkomboa ni mwenye duka wa Saratoga. Kwenye kitabu ni Henry B. Northup, mwanasheria wa ukoo uleule uliowahi kummiliki baba yake Solomon, aliyetumwa chini ya sheria ya New York ya mwaka 1840 iliyomruhusu gavana kuwafuatilia raia waliotekwa. Sikutajii haya ili kuilaumu filamu. Nataka uone kwamba waandishi wake walichagua, na kila chaguo lina maana. Kumpa Patsey ombi la kufa kunamfanya awe na kauli yake mwenyewe. Kumwondoa Henry Northup kunafuta kejeli kali ya historia, kwamba uhuru wa mtu ulihitaji ushuhuda wa ukoo uliomiliki wazee wake, na hapo naona filamu imepoteza zaidi kuliko ilivyopata. Ukishaona chaguo upande wa kisa cha kweli, utaacha kuidharau riwaya kwa kuwa ni ya kubuni.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo ndilo linalotuhusu sisi wasomaji wa Kiswahili. Wapo watakaosema kwamba pamba ya Louisiana na duka la pwani haviwekwi meza moja, kwa kuwa utumwa wa pwani ulikuwa wa kifamilia, wa kulelewa na kuozwa, na Peponi yenyewe ni ushahidi. Usikubali, na usilijibu kwa hasira. Jibu kwa kuonyesha mipaka ya kile ambacho riwaya imechagua kukionyesha. Yusuf ni mtoto mzuri wa sura, Mwislamu wa lugha ileile na bwana wake, anayefanya kazi ya duka katika miaka ambayo masoko ya watumwa yalikwisha kufungwa. Lile la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, na kanisa kuu la Waanglikana likajengwa mahali pake, Mkunazini. Maelfu waliopelekwa pwani kupitia Kilwa na Bagamoyo kwa miguu, na waliolima karafuu Unguja na Pemba, hawakuishi maisha ya Yusuf, na riwaya haidai hivyo. Hata huo upole wa nyumba ya Aziz, Gurnah anauchora ili tuutilie shaka: kadiri bwana anavyosema taratibu ndivyo inavyokuwa vigumu kumkatalia. Sheria nayo ilichelewa. Marekani ilipiga marufuku utumwa katika katiba yake mwaka 1865; Zanzibar iliondoa hadhi ya utumwa kisheria mwaka 1897 na masuria wakasubiri mpaka 1909; Tanganyika ilingoja Waingereza, mwaka 1922. Yusuf wa kubuni angekuwa mtu mzima kabla ya sheria hiyo kumfikia. Kwa hiyo kuziweka kazi hizi pamoja hakumaanishi kwamba hali zilikuwa sawa. Kunamaanisha kwamba neno familia, likitumiwa juu ya mtu asiyeweza kuondoka, linapaswa kuchunguzwa kama mnyororo unavyochunguzwa.

Jaribio zuri la swali letu la kujua na kutojua ni wanawake wawili, Patsey na Amina. Patsey anachuma pamba zaidi ya ratili 500 kwa siku, kuliko mwanamume yeyote shambani, na sifa hiyo ndiyo inayomponza, kwa kuwa Epps anamtaka na mke wa Epps anamchukia. Katika onyesho moja mama huyo anamrushia chupa nzito ya kioo usoni katikati ya dansi. Siku moja Patsey anakwenda shamba la jirani kuomba sabuni, kwa kuwa bibi yake amemnyima hata ya kuogea. Anarudi na kipande kidogo mkononi, anakionyesha, anasema kwa kinywa chake kwamba ananuka mpaka anajitapisha, na kwa ajili ya kipande hicho Epps anamfunga kwenye nguzo na kumlazimisha Solomon amchape. Nyong'o anaishika sabuni ile kwa namna ambayo unaelewa kwamba ndiyo mali pekee aliyo nayo. Amina hapigwi mbele yetu. Aliwahi kutekwa akiwa mtoto, akaokolewa na baba yake Khalil na kulelewa kama binti, kisha baba huyohuyo akamtoa kwa deni, akawa mke. Anaijua hali yake kikamilifu na anamweleza Yusuf bila machozi. Ukiwaweka sambamba utaona jambo ambalo kila kazi peke yake ingelificha: kwamba aliye katikati ya hadithi, Solomon na Yusuf, ana njia ya kutokea, ya barua au ya miguu, na mwanamke aliye pembeni yake anajua zaidi na hana njia. Filamu inalikiri hilo kwa uaminifu pale gari linapomchukua Solomon na Patsey anabaki nyuma akififia. Riwaya inamwacha Amina ndani ya ukuta wa bustani.

Msomaji wa Kiswahili ana faida moja hapa asiyokuwa nayo mkosoaji wa London, na itakuwa uzembe kutoitumia. Mke mkubwa wa Aziz anamtaka Yusuf, anamshika, na shati la kijana linachanika kwa nyuma. Aliyesoma Sura Yusuf anajua papo hapo kwamba huo ni ushahidi wa kutokuwa na hatia, na anajua pia kwamba Yusuf wa Kurani, aliyeuzwa kwa dirhamu chache, aliishia kushika hazina za Misri na kuwasamehe ndugu zake. Gurnah anatuwekea matarajio hayo kisha anayanyima. Hakuna kiti cha enzi, hakuna kurudiana na wazazi. Mwishoni askari wa Wajerumani wanapita wakikusanya vijana, Yusuf anausikia mlango wa bustani ukifungwa kwa komeo nyuma yake, na anakimbia kuufuata msururu wa askari. Anatoka kwa bwana mmoja kwenda kwa mwingine, na safari hii kwa miguu yake mwenyewe. Solomon anarudi kwa mkewe na watoto waliokua, akiomba radhi. Mwisho wa filamu unawezekana kwa sababu alijua tangu mwanzo mahali uhuru wake ulipo. Mwisho wa riwaya unatisha kwa sababu Yusuf amekwisha kujua kila kitu kuhusu utumwa wake na bado hajaonyeshwa mahali popote panapoitwa uhuru.

Ukikaa kuandika, basi, usifungue na sentensi ya kwamba kazi zote mbili zinaonyesha ukatili wa utumwa. Andika dai ambalo mtu anaweza kulikataa. Kwa mfano: filamu inaufanya utumwa usiweze kukanushwa, riwaya inaufanya usiweze kusamehewa kwa kisingizio cha udugu. Kisha lithibitishe kwa maonyesho mawili kutoka kila upande, si kumi. Ukinitaka hukumu yangu, nitasema kwamba 12 Years a Slave ni kazi kamilifu zaidi, ila Peponi ndiyo inayotudai zaidi sisi, kwa kuwa utumwa wake ulisemwa kwa lugha tunayosalimiana nayo kila siku. Tafsiri ipo. Itafute uisome kabla hujawasha filamu.